Hesabu ya Ngozi

Miaka kumi na mmoja nilisimama Igogo
mbele ya meza ya bati, buti za mpira hadi magotini,
nikimchuna sangara kama mtu anavyovuliwa koti.
Minofu ilipanda ndege. Mimi nilipanda mlima, kwa miguu.
Mapanki yalitokea mlango wa nyuma
kwenda kwenye makarai ya kina mama,
bondo likafungiwa kabatini kama dhahabu,
na ngozi,
ngozi ilikuwa ya kongoti.

Kisha ziwa likageuka mkono wa birika.
Zamu tatu zikawa mbili, mbili zikawa moja,
na jina langu likabandikwa ukutani
kati ya Magesa wa barafu na Holo wa mizani.

Holo ndiye aliyeanza. Si kwa hekima, kwa hasira.
Alibeba ngozi sita ndani ya ndoo ya rangi,
akazilowesha kwa chokaa nyuma ya choo cha kupanga.
Mwenye nyumba alitutimua siku ya nne.
Tukahama na harufu yetu hadi Mabatini;
Mabatini walituombea dua, kisha wakatufukuza;
hadi Buswelu, juu kabisa, kwenye mawe,
ambako upepo hauna jirani.

Sita za kwanza zilioza.
Kumi na mbili zilikauka kama mkate wa juzi.
Tukatwanga magome ya mgunga kwenye kinu cha mama yake,
yakatoa maji mekundu kama chai ya msibani,
tukahesabu siku kama mwenye mimba.

Ya ishirini na tisa ilikunjika.
Holo aliikunja, akaikunjua, akaikunja,
hakusema neno, akanipa.
Palipong'oka magamba palibaki vijumba,
vijumba elfu, milango yote wazi.

Benki waliuliza dhamana.
Nikaweka ngozi mezani. Kijana mwenye tai
aliinusa kwanza. Wote hunusa kwanza.
"Dhamana, mama, ni mali isiyohamishika."
Nikamwambia, huyu amekufa, atahamia wapi?
Alicheka mpaka akavua miwani.
Mkopo hakutoa.
Tulichanga kwenye kikoba, elfu mbili mbili,
Magesa akauza baiskeli.

Sasa tuko wanawake tisa na Magesa.
Fundi Ng'washi, aliyezoea kushona katambuga,
anakata viatu, mikanda, pochi,
anailaani sindano inapovunjika, anaisifu ngozi.
Mtu wa Arusha huagiza kila mwezi,
hulipa kila miezi mitatu.
Mtoto wa Holo hanunui tena madaftari kwa deni.
Haya yote nayaandika, mimi ndiye mwenye kitabu:
wino wa bluu kwa kilichoingia,
mwekundu kwa kilichotoka,
na upo ukurasa mmoja sijui niuandike kwa wino gani.

Mlinzi wa Igogo, aliyekuwa akitusukumia ngozi kwa mguu,
siku hizi ana mizani.
Kilo shilingi mia tano. Juzi, mia nane.
Na Bi Kwandu wa pale getini,
aliyezichemsha ngozi hizo supu ya wajukuu,
alinisimamisha njiani, kapu tupu kichwani:
"Mmeipa takataka jina,
sasa hatuwezi kuila."

Sikuwa na jibu. Nilimpa kazi ya kupara magamba.
Anakuja alfajiri, anapara, analipwa Jumamosi.
Bado hajanisalimia.

Nimevaa jozi moja, namba thelathini na nane,
yenye doa kisiginoni, iliyokataliwa Arusha.
Ukiipapasa kuelekea mkia ni laini;
ukirudisha mkono, inakukwaruza kidogo.
Fundi anasema ni kasoro, ataitafutia dawa.
Mvua ikinyesha Buswelu viatu hivi hunuka ziwa,
kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo,
nami huvivua mlangoni, nikaviinua,
nikanusa kwanza.