Kidole cha P

Ukungu wa Rungwe umeshuka hadi kwenye bati la hospitali,
nami ni wa kumi na nne kwenye benchi la dirisha la bima.
Hatusimami, tunasogeza makalio:
foleni ya wastaafu huenda kwa kukaa.

"Kadi, mama." Natoa kadi.
"Kidole, mama." Natoa kidole.
Kimashine kinafikiri, taa yake nyekundu
kama jicho la aliyekesha msibani.
"Hakisomeki."

Hakisomeki!
Miaka thelathini na mmoja, halmashauri, chumba namba sita,
vidole hivi ndivyo vilivyowafanya wengine wasomeke:
ajira ya bwana shamba wa Kiwira,
uhamisho wa mwalimu aliyelia asipelekwe Suma,
orodha ya makato, nakala tatu, kaboni katikati,
jina, cheo, mshahara, na kule pembeni kabisa, bima.
Makato yangu nilijipigia mwenyewe
bila kosa hata la herufi moja.

Mwanzoni walinijia wakinung'unika.
Kajigili, dereva wa greda, alibwaga karatasi ya mshahara mezani:
"Atuganile, hii ni ya ugonjwa gani? Mimi siumwi."
Nikamwambia, lipa, hujui kesho.
Kesho yake ilikuja na figo.
Mkewe alinisimulia: kule Mbeya kadi ilikubali,
damu ikazungushwa, ikasafishwa, ikarudishwa,
miaka miwili ambayo shamba lao lisingeinunua.
Sisemi zaidi. Kuitetea serikali sijui,
nilijua kuipigia chapa.

Ipyana wa dirishani, mtoto wa Subilaga,
niliyemjua akiwa mgongoni,
anajaribu kulia, anajaribu kushoto.
Dole gumba lilipiga nafasi tupu mpaka nalo likawa nafasi tupu.
Kidole cha mwisho cha kushoto, maskini, ndicho cha A,
na lugha yetu inavyopenda A!
Alichobakiza taipureta amekimaliza jembe
kwenye viazi vya Isongole,
maana kiinua mgongo kiliinua paa,
mgongoni hakikufika.

"Vimeganda, mama. Katafute moto."
Mama Lugano wa uji ananijazia kikombe:
"Usinywe kwanza. Kishike."
Nakishika kama unavyoshika mkono wa mgonjwa
usiye na la kumwambia.

Narudi. Zamu imepita, lakini wazee wanasogeza makalio,
napata nafasi yangu pale pale, bado ina joto.
"Kimebaki kipi?" anauliza Ipyana.
Kidole kidogo cha kulia.
Kazi yake ilikuwa P,
na nukta mkato, ambayo mabwana wakubwa hawakuijua.
P ya posho, kwa nadra.
P ya pole, kwa barua za rambirambi.
P ya pensheni, mara moja kwa kila mtu.
Nakiweka.

Ti!
Kama kengele ya taipureta mstari ukifika mwisho,
na mkono wangu wa kushoto, bila kutumwa,
unasukuma hewa kurudisha rola.
Ipyana anacheka. Benchi zima linacheka,
hata yule wa nyonga.

Dirisha la dawa: "Ya presha ipo.
Ya macho haimo kwenye orodha, kanunue nje."
Orodha. Nani kaipiga chapa,
nikamuulize karuka mstari gani?
Huwa inatokea, nakiri. Saa tisa, mvua, jicho linateleza:
niliwahi kumruka Ndimyake mfagizi,
akakaa mwezi mzima bila mshahara,
nikampelekea nusu ya wangu na mkungu wa ndizi,
akapokea ndizi.

Nje ukungu haujainuka.
Au ni macho.
Nateremka kuelekea stendi, cheti cha dawa nimekikunja mara nne,
kidole cha P nimekificha mfukoni
kisije kikapoa.