Chupa Iliyovikwa Foili

Nilikuambia, Aikande: usipite nayo juani.
Ukacheka kwa upande mmoja wa mdomo.
Mkojo nao unaogopa jua?
Nikaivika chupa foili ya kuokea samaki
niliyonunua Kiborloni kwa hela yangu;
ile ya maabara iliisha tangu Aprili.

Mara tatu umelazwa kwa tumbo.
Ya kwanza walikupasua wakitafuta kidole tumbo,
wakakikuta kizima, kimelala zake,
wakakitoa hivyohivyo, safari isiwe bure.
Ya pili wakasema vidonda.
Ya tatu, wifi yako wa Uru
aliiona ndoo uliyoisahau barazani:
asubuhi njano, jioni rangi ya rozela.
Akaisukuma kwa fimbo hadi migombani.
Hakula tena kwenu.

Mimi uchawi sikuusomea. Nilisomea
kwamba damu hujengwa kwa zamu, fundi baada ya fundi,
na mmoja akizembea katikati
matofali hurundikana uani
mpaka yatafute pa kutokea.
Jina lake porfirini. Yana rangi yake,
na mwanga huyachokoza.

Saa nne usiku nimezima taa zote.
Mlinzi anagonga: Moshi nzima ina umeme, kwenu kulikoni?
Kaa huko huko, Ndelamio. Funga mlango.
Nikaifunua chupa yako polepole,
nikawasha kitaa cha urujuanimno,
kile cha kukagulia noti.
Ukawaka.
Wekundu wa kaa chini ya majivu,
wekundu ambao mchana haupo.

Sikujua kama ni halali kufurahi.
Kitaa si hukumu. Ini nalo huwasha moto huo,
na risasi ya betri kuukuu huuwasha vilevile.
Kipimo chenyewe kinasafirishwa, majibu wiki tatu.
Kwa hiyo nimeandika: bado hatujajua.
Ila usishinde na njaa, hata Kwaresima.
Usimeze dawa yoyote kabla daktari hajaiona.
Na mabinti zako wawili waje, kila mmoja na chupa yake.

Pembeni, kwa penseli, pasipo na kisanduku:
mwambie wifi, alichokiona alikiona kweli.

Asubuhi nikamrudishia Temba wa duka kitaa chake.
Akakigeuzageuza, akakipuliza vumbi.
"Umekamata bandia ngapi?"