Hapana ya Saa Kumi na Moja

Simu imelia saa kumi na moja jioni,
theluji imeshafunika namba ya gari langu.
Ni Maureen wa wakala. Namjua kwa anavyovuta pumzi
kabla ya kuniita mpenzi.

Kuna mtoto, anasema, ng'ambo ya mto, hapa hapa Lowell,
ghorofa ya tatu, miaka minne, kooni ana tundu,
mashine ndiyo inayompumulia.
Muuguzi wa zamu ameteleza kwenye barafu.
"Ni usiku mmoja tu, Wakesho."
Usiku mmoja tu. Hata mimi nilizaliwa kwa usiku mmoja tu.

Nimesema ndiyo miaka tisa.
Ndiyo kwa mzee wa Dracut aliyehesabu vijiko
kila nilipotoka jikoni.
Ndiyo siku ya maziko ya shangazi, nikiyatazama kwenye simu,
sauti nimeizima,
huku namgeuza Bi Pelletier ubavu wa pili.
Ndiyo zangu zimeezeka nyumba kule Wundanyi.
Hapana bado haijaezeka hata banda la kuku.

"Mashine ile sijafundishwa," namwambia.
Nasikia akibofya kalamu. "Mama yake atakuelekeza."
Mama yake!
Hajalala tangu Jumanne, na mimi mwenye leseni
ndiye nije kumuuliza king'ora hiki kinalilia nini?

Mgeni njoo, mwenyeji apone: tumelelewa nayo.
Hakuna aliyetuambia mgeni afanye nini
akifika mlangoni na dawa haijui.

"Siendi."
Neno fupi, limenitoka kama jino.
Maureen anaandika. Wiki ijayo saa zangu zitapungua,
wala hatasema kwa nini.

Saa nane usiku mwili umejiamsha wenyewe.
Huu ndio wakati wa kufyonza makohozi,
kutazama midomo kama rangi ipo,
kuandika namba, kunywa chai iliyopoa.
Niko kitandani kwangu, blanketi hadi kidevuni,
mikono haina la kufanya.
Ng'ambo ya mto kuna mwanamke kwenye kiti
anayenilaani bila kujua jina langu.
Ana haki.
Nami ninayo. Haki mbili, na hakuna hata moja
iliyokwenda kumshika mtoto.

Nahesabu pumzi. Kwanza zangu,
kisha za nisiyemwona: ishirini, ishirini na moja,
hapo katikati najichanganya, naanza upya.

Kukicha nitapiga simu mimi.
Nitauliza mashine ile hufundishwa wapi, siku gani,
na nani analipa.

Saa kumi nimeshuka na koleo, koti juu ya nguo za kulalia,
nikafukua gari lisilokwenda popote
mpaka namba ikasomeka.