Nafasi Moja

Seva yetu ni kijisanduku cheusi juu ya friji bovu,
ofisi ya chama cha maziwa, Barabara ya Nane, Ngamiani.
Feni yake inakoroma. Ndani inaendesha Linuksi,
ya bure, ya wote, aliyotuwekea Shemdoe
kabla hajahamia Muheza kwenye machungwa yake.

Mtawala wa humo ndani anaitwa Mzizi.
Mzizi haulizwi. Akisema futa, kinafutika,
hakuna "una hakika?", hakuna "hebu fikiri tena".
Na sisi watano, sote, tulikuwa Mzizi:
nywila ilibandikwa nyuma ya kalenda
kwa kalamu ileile ya kutilia alama madebe.

Jumanne asubuhi, hesabu ya siku arobaini haipo.
Lita sita za Bi Mwanahawa wa Pongwe,
kumi na moja za Sekiete,
zile nne za mjane wa Kange
zilizokuja kila siku kwa baiskeli ya jirani.
Mwenyekiti akasema: Batuli, soma daftari la mashine.
Nikasoma kwa sauti.
Saa tano na dakika kumi na mbili usiku
ameingia Mzizi. Amefuta Mzizi. Ametoka Mzizi.

"Mzizi ndiye nani?"

Macho yakamwendea Kilua, kijana wa mafunzo,
asiye na mshahara wala mjomba.

Wiki nzima tukajaza upya kutoka vidaftari vya wafugaji,
vinavyonuka samli, kurasa zimegandana.
Yeye akisoma, mie nikiandika.
Hakunung'unika. Afadhali angenung'unika.

Leo nimemfungia Mzizi mlango.
Kumfuta hafutiki; nimetia komeo tu,
asiingie mtu tena kwa jina lile.
Kila mmoja ana jina lake, nywila yake kichwani,
na akiwa na kazi kubwa ataanza na sudo:
abishe hodi, mashine imwandike
ni nani, saa ngapi, kaamuru nini.
Mhasibu kanuna. Anasema nimemvua cheo.
Nikamwambia, cheo kile kilikuwa kanzu moja
tukiivaa kwa zamu;
doa likionekana, kila mtu keshaivua.

Kalenda nimeishusha.
Nyuma yake ukuta una mraba mweupe
kama ngozi chini ya bandeji.

Kisha nikaingia kwa jina langu, herufi ndogo, batuli.
Amri yangu ya kwanza haikufuta kitu.
Imeandika faili fupi, ikaiweka mlangoni,
kila aingiaye aisome kabla ya kazi:

Usiku ule ni mimi.
Nilikusudia kufuta nakala za mwaka juzi.
Kidole kikagusa nafasi moja katikati ya njia,
mashine ikaona maneno mawili, ikayatii yote mawili.
Kilua, nafasi ya kusema
nilikuwa nayo siku saba.