Mwenye Faili Hii

Sidi Jefwa aliileta kwa bodaboda kutoka Kakuyuni,
kompyuta ya marehemu babake, imefungwa leso
ambayo jina lake limefutika kwa kufuliwa.
Akaiweka kaunta, kati ya mashine ya kopi
na bakuli langu la mabuyu.
"Inawaka," alisema. "Ila haifungui."

Ikawaka kweli. Feni ikanguruma kama blenda yenye barafu.
Folda moja: KAMATI.
Ndani yake faili moja, minazi, ya mwaka tisini na tisa.
Nikabofya mara mbili, kwa upole,
kama abishaye kwa kifundo cha kidole.
Huna ruhusa.
Tena. Huna ruhusa.
Hodi tatu zikikosa jibu,
mwenye adabu hurudi kwao.
Mimi hulipwa kwa kukosa adabu.

Babake, alinieleza, alikuwa karani.
Alizunguka na daftari mji hadi mji
akihesabu minazi, mikorosho, makaburi na waliolala humo,
kabla mwenye hati hajaja na nguzo zake za simenti.
Usiku akiyaingiza humu, kwa kidole kimoja,
jenereta ya kanisa ikiwaka.
Jumatatu wanaitwa na tume ya ardhi.
Leo Ijumaa.

Nilinakili kwanza.
Kitu cha marehemu hakiguswi kabla hakijanakiliwa.
Kisha nikaiondoa alama ya *soma tu*,
masalio ya sidii iliyoihifadhi zamani.
Bado.

Nikahamia kwenye folda, nikacheka peke yangu.
Programu hii ya kale ina tabia za ofisi ya chifu:
hata ukija kusoma tangazo la ukutani
sharti utie jina kitabuni kwanza.
Hukiandika kijifaili kando ya faili,
*fulani yumo ndani*,
na folda ikikataa kuandikwa, mlango haufunguki.
Nikamwambia Sidi: asiyeruhusiwa kuandika
hapa haruhusiwi hata kusoma.

"Sisi ilikuwa kinyume," alisema.
"Mama aliruhusiwa kutia kidole gumba.
Kusoma ndiko hakuruhusiwa."

Sikuwa na la kujibu. Nikampa buyu.

Lililobaki lilikuwa mmiliki.
Dirisha likafunguka, na penye jina hapakuwa na jina:
S, mstari, moja, mstari, tano,
halafu tarakimu zinazokimbia hadi ukingo wa kioo.
Binamu yake aliwahi kuifuta mashine akaweka mfumo mpya;
jina likaenda na ule wa zamani, namba ikabaki.
Sidi aliisoma kwa sauti, polepole,
kama namba ya simu anayotumaini italia upande wa pili.
"Huyu ndiye baba?"
"Ndiye."

Chini yake, kitufe: *Badilisha mmiliki.*
Mkono wangu ukasita.
Mji huu tunakijua kitendo hicho,
jina linatoka, jina linaingia,
mtu yuko shambani anapalilia mihogo, hana habari.
Nikasimama. Nikamwachia kiti.
"Andika wewe."

Aliandika jina lake, akalikosea, akalifuta, akaliandika.
Akabonyeza kwa kidole kimoja.

Ikafunguka bila sauti yoyote.
Safu kwa safu: Mwenye mji. Minazi. Mikorosho. Maelezo.
Nilidhani Maelezo yatakuwa matupu, kama kwenye fomu zote.
Karani alikuwa ameyajaza.
*Huyu ni mgonjwa, nimehesabu na mwanawe.*
*Mkorosho uko mpakani, wanachuma kwa zamu, wasigombane.*
*Mnazi wa saba umepigwa na radi. Uhesabiwe.*

Printa iliishiwa wino ukurasa wa kumi na tisa.
Nikachukua mkoba nivuke barabara nikanunue mwingine.
Kwa mazoea, mkono ukaenda kwenye kipanya
kufunga nilichofungua.

"Usiifunge," alisema Sidi,
macho hayakutoka kwenye kioo.
"Nenda tu. Mimi nipo."