Megabaiti Mia Tano na Kumi na Mbili

Saa tisa usiku, Rezekne, theluji inashuka
kama isiyo na haraka wala pa kwenda.
Skaidrite anapiga simu kutoka chumba cha ishara:
"Ubao umeganda tena." Haongezi neno.
Navaa soksi mbili mbili, naenda.

Mashine pepe imekufa kifo chake kilekile:
mstari mmoja mwekundu, kumbukumbu imejaa.
Ilipewa chumba, na chumba kina kuta.
Mia tano na kumi na mbili, aliandika Imants
enzi kumbukumbu ikipimwa kama dhahabu,
kisha akastaafu, akaenda kufuga nyuki.

Kukicha Arvids atasema: ongeza.
Kule Daugavpils waliongeza, ikawa maradufu.
Ikachukua muda maradufu kufa. Ikafa.
Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo,
ila hakuna aliyetwambia, kikishajaa,
haba inayofuata ikae wapi.

Ndani yake yumo mzoa taka. Namheshimu.
Hapigi kelele, hana upendeleo,
hupita na ufagio wake akiuliza swali moja:
hiki, kuna anayekishika?
Hakishikwi, kinakwenda.
Kinashikwa, anakiruka,
hata kama mkono wenyewe umesahau umeshika nini.

Nafungua lundo alilokufa nalo, nalisoma.
Tarehe, nambari, majina ya stesheni,
na treni. Treni, treni, maelfu ya treni,
kila moja na neno lake: inasubiriwa.

Kumbe Imants aliandika: ikifika, iachilie.
Hakuandika: na isipofika?
Kila iliyofutwa kwa theluji tangu Novemba
imo humu, na mashine, kwa adabu zake,
imeishika, inaingoja.
Ndiyo maana hufa majira ya baridi tu.
Sisi tulidhani ni ubaridi wa chumba.
Tuliinunulia hita.

Nashuka na orodha kwa kidole.
Mia sita arobaini na moja, tarehe tatu Januari,
kutoka Riga, saa kumi na moja jioni.
Hiyo naijua.
Niliisubiri jukwaa la pili na chupa ya supu ya njegere.
Valdis alisema atakuja nayo, baada ya miaka sita
ya kutosemezana juu ya shamba la mama.
Kipaza sauti kikasema imefutwa.
Supu nikainywa mwenyewe, kwa kusimama.
Hakupiga simu. Nami sikupiga.

Dawa yake ni mstari mmoja:
iliyofutwa, iachiliwe.
Naandika. Kasa linapepesa mwishoni mwa sentensi.
"Bado?" anauliza Skaidrite.
"Bado kidogo."

Nje plau ya theluji inapita relini
na taa zake za manjano, haina abiria.

Nabonyeza. Mashine inaamka nyepesi, haikumbuki kitu.
Ubao unawaka: treni ya kwanza ya asubuhi
itachelewa dakika arobaini.
Kuchelewa si neno.
Kuchelewa kuna nafasi yake.