Mstari wa Buluu

Mimi kazi yangu ilikuwa kushika ngazi.
Odwori hakupanda hata kidato kimoja
mpaka aone viganja vyangu kwenye mbao.
"Si woga," alisema, "ni adabu ya ngazi."

Kabla ya mafuriko alichora alichoitiwa:
kuku wa hoteli akitabasamu kando ya sufuria,
nywele ndefu za saluni ya Mwongeli
(Mwongeli mwenyewe ananyoa kipara),
meno thelathini na sita kwa fundi wa meno.
Tulipomhesabia, akajibu: "Mteja aliomba mengi."

Kisha Aprili ile, saa nane za usiku,
mto uliingia Mashimoni bila hodi.
Ulichukua magodoro, cherehani mbili, mbuzi wa Guyo.
Ulimchukua Nekesa wa darasa la tatu,
ambaye kiatu chake kilipatikana Jumatano
kimenasa kwenye waya,
gidamu imefungwa vizuri.

Matope hayajakauka, Odwori akaja
na kopo moja la rangi, buluu, masalio ya kanisa.
Hakuna aliyemwita. Hakuna wa kumlipa.
Mlango kwa mlango aliuliza neno lile lile:
"Maji yalifika wapi?"
Mama Nekesa hakujibu. Alinyoosha mkono,
akagusa ukuta palipokuwa na kalenda.
Odwori akapitisha brashi chini ya vidole vile,
polepole, kama anayempaka mtoto mafuta.

Baada ya hapo hatukuwa wawili tena.
Jumapili alasiri, nyuma ya choo cha kulipia,
alikuja Mwongeli na mkebe wa shilingi ishirini ishirini;
alikuja Guyo, hana mbuzi, ana mluzi unaovuka bonde;
wakaja vijana wa sarakasi, mabingwa wa kupandana mabegani,
wakajifunza kubeba wazee mgongoni,
bibi Wairuri akicheka huko juu:
"Mara ya mwisho kubebwa, nilikuwa bibi harusi!"
Na Achola wa ngoma za mapipa akatupa sheria:
mapigo matatu, amkeni;
mapigo yasiyokoma, acheni vyote.

Jina lilitushinda. Tulibishana wiki nne,
fomu ya chifu ikabaki na nafasi tupu.
Watu wakatuita wale wa Buluu, basi.

Siku moja akaja bwana mwenye kamera,
akataka tutabasamu mbele ya ukuta.
Mama Nekesa akamshika kiwiko:
"Huu si mchoro, mwanangu. Simama hapa.
Geuka. Tuone unakufika wapi."
Ulimfika kidevuni.
Alikaa hivyo kitambo, kisha akafunga kamera
akaomba maji ya kunywa.

Masika haya mto umerudi.
Achola alipiga hadi ngozi za viganja zikachubuka.
Mluzi ulipita juu ya mabati, mgongo ukabeba mgongo,
na kule barabara ya Juja, tumelowa, gizani,
tuliitana jina kwa jina kwa jina,
tukarudia tena, maana hatukuamini:
tumetimia.
Unga ulikwenda. Redio ya Mwongeli ilikwenda.
Maji yalikomea vidole vinne chini ya mstari.
Sisemi tumeshinda. Mto haujui kusoma.

Asubuhi Odwori akaitisha ngazi.
Nikaibeba hadi kwa Mama Nekesa,
nikadhani rangi imepauka, tunakwenda kuirudishia.
Kumbe mama ametutangulia, ana penseli sikioni,
watoto wa ploti wamepanga foleni, tope hadi magotini,
mmoja mmoja visigino ukutani,
naye anapima kutoka utosini hadi kwenye buluu.
"Wewe bado shubiri mbili," anasema. "Kula.
Nawe shubiri na nusu. Acha kusimama kwa vidole, nakuona.
Kuleni, mkue, mwupite."

Nami nimeshika ngazi
ingawa leo hakuna aliyepanda.